Bi Ruwaida Hataki Kupewa

Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, Bi Ruwaida alivaa baibui lililopigwa pasi likanyooka, akasimama mbele ya ukumbi wa Klabu ya Gofu ya Wastaafu ya Mikanjuni, akamkabidhi mtu mwingine kombe la mume wake. Alilitoa kwa mikono miwili, akatabasamu, akapigwa picha, kisha akasindikizwa hadi kwenye kiti chenye mto. Sahani ya kwanza ya pilau ililetwa kwake. Alifanya hivyo miaka minane mfululizo tangu Amir afariki. Mwaka wa tisa, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, aliamka asubuhi moja ya mwezi wa Machi akaona kwamba hataki tena kulitoa kombe lile. Alitaka kulishinda.

Wala hazikuwa ndoto za mchana. Alikuwa amecheza gofu miaka mitano, tangu daktari amwambie atembee na yeye akamjibu kwamba kutembea bila sababu ni kazi ya askari wa doria. Gofu ikampa sababu. Alivaa suruali ndani ya gauni refu, akafunga mtandio ukakaza, akatia kofia juu yake, akavuta kigari chake cha fimbo mwenyewe. Hakupiga mbali, lakini mpira wake ulikwenda alikoutuma, na hilo pale Mikanjuni lilikuwa jambo la kuhusudiwa.

Mikanjuni chenyewe si kiwanja cha kutisha. Kina mashimo tisa tu, huko Port Reitz, kati ya nyumba za wafanyakazi na mikoko ya ghuba. Kampuni moja ilikitengeneza zamani kwa ajili ya mameneja wake, kisha ikaondoka na mameneja wake, wastaafu wakakiokoa kisigeuke jaa. Nyasi hukatwa na wale waliojaliwa migongo mizima. Ndege zinazokwenda kutua hupita chini kiasi cha mtu kuyaona magurudumu, na desturi ni kungoja zipite ndipo mtu apige. Kunguru akiuiba mpira wako, unaweka mwingine palepale bila kutozwa mkwaju, yaani bila kuhesabiwa pigo la ziada. Kanuni hiyo huenda haimo katika vitabu vya gofu vya ulimwengu, lakini bila hiyo hakuna ambaye angewahi kumaliza mchezo Mikanjuni.

Amir alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Changamwe, na alicheza hapo miaka ishirini bila kushinda hata kikombe cha chai. Mwishowe akanunua kombe mwenyewe, kubwa, la kung'aa, lenye masikio kama ya tembo, akalitoa kwa klabu lishindaniwe.

"Kwa fimbo nimeshindwa," alimwambia mkewe, "basi angalau nimelipata kwa risiti."

Alipofariki, klabu nzima ilimfanya Bi Ruwaida kuwa kama yai. Foleni ilimpisha. Mvuli ulipokuwa mdogo, wengine walisimama juani ili yeye aketi. Heshima ile ilitoka moyoni, na kwa sababu ilitoka moyoni hakuwa na la kuikatalia. Ila ilikuwa imemchosha, kwani kila aliyempisha alimwangalia kwa macho ya matanga, na matanga yalikuwa yameanuliwa zamani.

Uwanjani heshima hiyo ilikuwa na jina lake. Iliitwa "chukua".

Mpira wa mtu ukifika karibu kabisa na shimo, mwenzake huweza kumwambia, "Chukua," maana yake, "Tuseme umeingia, uokote twende zetu." Ni adabu ya wachezaji wa gofu kote, na hufaa kwa mpira ulio umbali wa kiganja. Lakini watu wa Mikanjuni walikuwa wamelelewa vizuri kupita kiasi. Walimpa mkubwa, wakampa mgeni, wakampa aliyetoka kuugua, na mjane wa Amir walimpa mpira ulio umbali ambao mtu mwingine angelazimika kuupigia dua. Naye angefanyaje? Kukataa ulichopewa kwa adabu ni utovu wa adabu. Aliokota, akasema ahsante.

Ndivyo alivyoikosa Ngao ya Masika, shindano la kwanza la msimu, mwezi wa Mei.

Siku hiyo alicheza kama aliyeoteshwa. Mvua ilikuwa imeacha vidimbwi kila mahali, wanaume wakawa wanatafuta mipira yao matopeni, na yeye akipita na vimkwaju vyake vifupi vilivyonyooka. Shimo la mwisho, mpira wake ulisimama hatua moja kutoka shimoni. Aliyekuwa akicheza naye ni Kaingu, mzee mrefu mwembamba aliyekuwa mtunza stoo wa Amir kwa miaka zaidi ya ishirini.

"Chukua, Bibi," alisema Kaingu, kofia mkononi. "Huo umeshaingia."

Akauchukua. Wakaingia ukumbini, wakajumlisha mikwaju, na ikaonekana Bi Ruwaida amewashinda wote kwa kuwa na michache. Makofi yalikuwa yameanza pale Wafula, katibu wa klabu, alipokuna kichwa. Wafula alikuwa dereva wa kreni bandarini, mtu wa Bungoma aliyeishi Mjambere miaka mingi, na alikuwa na ugonjwa wa kupenda kanuni.

"Samahani, Mama Raihana," alisema. "Ule wa mwisho, ulitumbukia?"

"Kaingu alinipa."

"Alikupa. Lakini leo tulikuwa tunahesabu mikwaju, kila mtu dhidi ya kila mtu. Kaingu hawezi kukupa kwa niaba yetu sote. Mpira usipotumbukia, shimo halijaisha. Na shimo lisipoisha..." Hakumaliza. Hata yeye aliona haya, hasa kwa kuwa aliyefuata nyuma yake na ambaye sasa ndiye mshindi alikuwa Wafula mwenyewe.

Kaingu aliinamisha kichwa kama mtu aliyevunja sinia la watu. Bi Ruwaida alimwambia hapana neno, akampongeza Wafula, akala. Lakini njiani kurudi nyumbani alimwambia binti yake Raihana, aliyekuja kumchukua, "Wajua nini, mwanangu? Mimi leo nimenyang'anywa kwa heshima."

"Nani kakunyang'anya, mama?"

"Ndiyo shida. Hakuna wa kumgombeza."

Tangu siku hiyo aliazimia asikubali kupewa kitu uwanjani. Mwezi wa Julai, katika Kombe la Bomba, ambalo fundi bomba mmoja mstaafu alilitoa na ambalo kwa kweli ni bomba la shaba lililowekwa kwenye kibao, alitumbukiza kila mpira mpaka shimoni hata ule uliokuwa ukingoni ukichungulia. Alishindwa, tena vibaya, na akarudi nyumbani akiimba. Agosti, katika Ngao ya Kipupwe, akawa wa pili. Watu wakaanza kumwangalia. Si kwa macho ya matanga, bali kama mtu anavyomwangalia jirani anayejenga ghorofa.

Kisha likaja Kombe la Amir lenyewe. Hili halihesabiwi kama mengine. Huchezwa wawiliwawili: anayeshinda mashimo mengi anasonga mbele, anayeshindwa anakwenda kunywa kahawa. Na humo ndimo palipokuwa na mtego, kwani katika mchezo wa wawili "chukua" ni halali. Zaidi ya hayo, ukishapewa huna hiari ya kukataa. Mpinzani akitamka, mpira umeingia, kwisha.

"Kwa hivyo mtu aweza kunishindisha kwa nguvu?" Bi Ruwaida alimwuliza Wafula.

"Kikanuni, ndiyo. Anaweza kukupa mpaka ulie."

Mzunguko wa kwanza alipangwa na Wafula huyohuyo, na alimshukuru Mungu. Wafula hakuwa na tabia ya kugawa. Mpira wako ukiwa umbali wa kiatu, yeye alikuwa akitazama mawingu.

"Huu hunipi?" Bi Ruwaida alimwuliza mara moja, kwa kumjaribu.

"Mama Raihana, hata mke wangu Rosalia simpi. Piga."

Akapiga, ukaingia, akamtoa Wafula kwa mashimo mawili. Wafula alinung'unika siku tatu. Bi Ruwaida hakuwahi kufurahi kiasi kile.

Nusu fainali alikutana na shemeji yake Aqil, mdogo wa marehemu, nahodha wa klabu na mfamasia mstaafu, ambaye hata alipokuwa akiuza panadol aliuliza hali ya nyumba nzima kwanza. Aqil alimpa mara tatu kabla shemejiye hajawahi kufumbua mdomo. Bi Ruwaida alimshinda kwa mashimo manne, kwa hivyo hata bila zawadi zile angeshinda, lakini jioni yake mmoja wa wanachama alisema kando ya birika la kahawa, bila kujua kwamba Bi Ruwaida yupo nyuma yake, "Nahodha kamwachia shemejiye. Kafanya jambo jema."

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Sasa fainali ilikuwa ni yeye na Kaingu, na kama yupo mtu chini ya jua asiyeweza kumnyima mke wa Amir kitu, basi ni Kaingu.

Alilijua hilo kuliko wote. Amir ndiye aliyemfundisha Kaingu gofu, na mwaka haukupita mwanafunzi akawa bora kuliko mwalimu. Hata hivyo kila wiki walipocheza wawili, Amir alishinda, na kila wiki alishinda kwa shimo mojamoja tu. "Kaingu huniachia," Amir alikuwa akimwambia mkewe mezani, akicheka. "Na huniachia kwa ustadi, ndiyo hasara yangu. Lakini nimeshamjua. Akitaka kutia, huchutama nyuma ya mpira akafumba jicho moja kama fundi anayepima iwapo rafu imekaa sawa. Akitaka kukosa, hachutami. Husimama tu akaupiga kama mtu anayefukuza kuku."

Wiki moja kabla ya fainali Bi Ruwaida alitia gari moto, akavuka mpaka Mishomoroni, nyumbani kwa Kaingu. Mkewe, Dhahabu, alimpokea kwa furaha kubwa, akamtolea kiti kizuri, akamletea dafu na viazi vya karai na ukwaju wake. Kaingu alikaa kwenye kigoda kando ya mlango wa duka lake dogo.

"Kaingu," alianza Bi Ruwaida.

"Labeka, Bibi."

"Nimekuja kukuomba kitu kimoja. Jumamosi ucheze kama unavyocheza na Wafula."

"Nimesikia, Bibi."

"Nimesikia si jibu. Mume wangu aliishi na nimesikia zako miaka ishirini na zaidi. Ulikuwa ukimwambia nimesikia, kisha ukaagiza misumari unayoitaka wewe."

Dhahabu alicheka akaziba mdomo kwa leso. Kaingu aliangalia vidole vyake. "Bibi, yule mzee alinitoa mbali. Watoto wangu wamesomeshwa na duka lile. Sasa mimi nisimame mbele ya watu nimshinde mkewe, tena kombe lenyewe lina jina lake? Huko kwetu Ganze wataniuliza nimerogwa na nani."

"Na mimi nikilipata kwa kupewa, nitaliweka wapi? Kila nikiliona nitajua ni sadaka."

"Ni heshima, Bibi."

"Heshima naijua. Nimeikalia kitako miaka minane, kwenye kiti chenye mto. Utacheza au hutacheza?"

Kaingu alimsogezea sahani ya viazi. Kisha akasema, kwa upole wa kukatisha tamaa, "Nimesikia."

Jumamosi ya fainali watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Mahamri na mbaazi ziliisha kabla ya saa tatu. Wafula alikuwa mwamuzi, akavaa tai. Kwa kanuni za klabu, Kaingu, aliye hodari zaidi, alimpa Bi Ruwaida mkwaju mmoja wa nafuu, usiohesabiwa, katika kila shimo kati ya manne ya mwanzo. Huo haukuwa ukarimu bali utaratibu, kwani kila mwanachama hupimwa uwezo wake ili mnyonge na hodari wakutane sawa. Bi Ruwaida alikubali nafuu hiyo bila kinyongo. Ni hayo mengine aliyoyaogopa.

Hofu yake haikukawia kutimia. Shimo la pili mpira wake ulisimama mbali, na Kaingu akasema, "Chukua, Bibi."

Wafula alikwenda akapima kwa miguu. "Mzee, hizi ni hatua tano. Unagawa mpira au unagawa shamba?"

"Nimempa."

"Basi umempa. Shimo ni la Mama Raihana."

Watu wakapiga makofi ya adabu. Bi Ruwaida alihisi masikio yanawaka moto. Kuanzia hapo akabuni mbinu: alifika penye shimo, na kabla Kaingu hajapanga maneno, akapiga. Hakupima wala hakuvuta pumzi. Fainali ikageuka mashindano kati ya fimbo yake na mdomo wa Kaingu.

"Chu..." alianza Kaingu shimo la tatu.

Tak, mpira umeshakwenda. Ukakosa, na Bi Ruwaida akaangua kicheko, maana kukosa huko kulikuwa kwake mwenyewe.

Shimo la tano Kaingu alisema upesi kidogo, akamuwahi. La sita Bi Ruwaida alimuwahi. La saba ndege kubwa ilipita juu yao ikinguruma, Kaingu akafumbua mdomo na kuufumba kama samaki, na Bi Ruwaida akavunja desturi ya miaka yote kwa kupiga chini ya tumbo la ndege, ili asisikie chochote. Ukaingia. Wafula aliandika bila kuinua macho. "Kelele za ndege," alisema, "hazimo katika kanuni zangu. Hiyo ni desturi tu."

Hivyo ndivyo walivyofika shimo la tisa, la mwisho, wakiwa sare. Klabu nzima ilikuwa imezunguka zile nyasi fupi, wengine wamekaa kwenye vigari vyao. Bi Ruwaida alifika taratibu, akasukuma, akakosa, akasukuma tena, akatumbukiza. Mikwaju mitano. Kaingu alikuwa amepiga minne, na mpira wake ulikuwa nusu hatua tu kutoka shimoni. Akitia, ni sare. Akikosa, kombe ni la Bi Ruwaida.

Hata Dhahabu, aliyekuwa akiuangalia mchezo huo kwa mara ya kwanza maishani, angeutia ule mpira kwa kijiko cha mbao.

Kaingu alisogea. Alivua kofia, akaivaa tena. Bi Ruwaida alingoja achutame. Hakuchutama. Alisimama wima, akaishika fimbo kwa ulegevu, miguu imetawanyika, macho yakitazama mikoko.

Bi Ruwaida aliliona kombe mezani chini ya kivuli, masikio yake makubwa yaking'aa. Lilikuwa lake. Lililobaki ni kunyamaza tu, na kunyamaza hakuna kanuni inayokukataza. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa yeye na huyu mzee anayekaribia kufukuza kuku.

"Kaingu," aliita.

"Labeka, Bibi."

"Chukua."

Kaingu aligeuka pole pole, fimbo ikiwa bado hewani.

"Shemeji," alisema Aqil kutoka kwenye kundi, "wajua ulilolisema? Hajapiga. Ngoja apige."

"Najua. Nimempa."

"Bibi, sichukui," alisema Kaingu.

"Si hiari yako. Muulize Wafula."

Wafula alikuwa ameshalegeza tai. Alionekana kama mtu aliyengojea miaka mingi kanuni hii itumike. "Ukishapewa umepewa, mzee. Mpira umeingia. Shimo sare, mchezo sare. Mnarudi shimo la kwanza, na atakayeshinda shimo kwanza ndiye. Nafuu hakuna."

Walirudi kuelekea shimo la kwanza, wakivuta vigari sambamba, watu wakiwafuata mbali kwa hisani. Kisha Kaingu akasema kwa sauti ya chini, "Ulijuaje?"

"Hukuchutama."

Kaingu alisimama. "Nani alikwambia habari za kuchutama?"

"Mume wangu mwenyewe. Kila wiki akirudi nyumbani. Unafikiri alikuwa hajui?"

"Alijua?" Kilichokuwa kikipita usoni mwa Kaingu hakikuwa huzuni. Kilikuwa mshangao wa fundi aliyeambiwa kwamba kiraka chake kilionekana tangu siku ya kwanza. "Miaka yote ile? Mimi nilikuwa nikipiga hesabu mpaka kichwa kinauma, nikose wapi, nitie wapi, niache shimo moja tu. Bibi, ile ilikuwa kazi kuliko stoo."

"Alisema ukimwachia, ni kama kucheza peke yake. Hakutaka kukwambia kwa sababu alikuheshimu." Bi Ruwaida alivuta kigari chake mbele. "Mmeheshimiana mpaka hakuna aliyecheza gofu. Mimi sina miaka ishirini ya kungoja, Kaingu. Nipige au nikupige, lakini tupigane."

Kaingu hakusema amesikia. Alitoa fimbo kubwa, ile ambayo hakuwa ameigusa siku nzima, akaipangusa kwa pindo la shati. Alipopiga, mpira ulikwenda juu ya mikanju, ukaanguka mbali mahali ambapo watu walilazimika kuinua mikono juu ya macho ili waone.

"Mama yangu," alisema Wafula kwa unyonge.

Bi Ruwaida aliufuata mpira kwa macho mpaka ukasimama. Kwa mara ya kwanza siku ile aliogopa kushindwa, na hofu hiyo ilikuwa tamu na mbaya kwa pamoja. Alipiga mkwaju wake wa kawaida, mfupi, ulionyooka. Akapiga wa pili. Kaingu, kwa mkwaju wake wa pili, tayari alikuwa kwenye nyasi fupi, ingawa mbali na bendera. Bi Ruwaida alifika hapo kwa wa tatu, na mpira wake ulisimama hatua nane hivi kutoka shimoni.

Kaingu akachutama. Akafumba jicho moja. Watu wa zamani wa klabu walitazamana, kwani walikuwa hawajamwona akikaa chini muda mrefu hivyo. Aliusukuma mpira kwa nguvu ya mtu anayetaka kumaliza pale pale. Ukapita kando ya shimo, ukaenda hatua mbili zaidi.

Sasa zamu ya Bi Ruwaida. Alisubiri. Kwa mazoea alikuwa karibu kukimbilia kupiga, kisha akamtazama Kaingu, akaona mdomo umefungwa kama mlango wa duka siku ya sikukuu. Hakuna aliyekuwa akimpa chochote. Basi akachukua muda wake. Alizunguka upande wa pili, akaona nyasi zinaelekea ghubani, akalenga kushoto kidogo, akavuta pumzi. Mpira uliondoka polepole mno, ukafuata mteremko, ukaonekana umechoka, ukatumbukia.

Makofi yalikatwa na Wafula aliyeinua mkono. "Bado. Mzee akitia, ni sare tena."

Kaingu alichutama mara ya pili. Alipima upande huu, akaenda akapima upande ule, akarudi. Kunguru mmoja alitua karibu, na Kaingu akamfukuza kwa maneno ya Kigiriama ambayo Dhahabu alijifanya hakuyasikia. Akasukuma. Mpira ulizunguka mdomo wa shimo nusu duara, ukatoka, ukasimama.

Kaingu alibaki ameinama, akiutazama mpira kana kwamba umemtukana.

"Nyasi hizi zimekatwa na nani?" aliuliza.

"Zimekatwa na wewe, mzee," alisema Wafula. "Alhamisi."

Kaingu alimpa Bi Ruwaida mkono kwa namna ya mtu anayegusa sufuria ya moto, akasema "Hongera" bila kuongeza "Bibi", akaelekea ukumbini kwa hatua ndefu. Dhahabu alimfuata nyuma, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Ikabaki shida ndogo ya nani wa kukabidhi kombe, kwani mkabidhi ndiye mshindi. Aqil alipendekeza Shemeji alitoe kwa mkono wa kushoto na kulipokea kwa wa kulia, na alikuwa akisema kwa dhati kabisa. Mwishowe Rosalia, mke wa Wafula, alisukumwa mbele, akalitoa, na alipolitoa akamwambia sikioni, "Mwenye atakutoa mwaka ujao atatoka wapi, dada?" Picha zikapigwa. Mtu akaleta kiti chenye mto, na Bi Ruwaida akaliweka kombe juu yake, yeye akasimama.

Alikuwa akimtafuta Kaingu kwa macho. Alimwona kwenye meza ya kahawa. Katika miaka yote waliyojuana, dukani, msibani, harusini, Kaingu hakuwahi kunywa kitu mbele yake kabla yeye hajahudumiwa. Sasa alijimiminia kikombe, akakinywa akiwa ameupa mgongo ukumbi mzima, akajimiminia kingine, akamaliza tende zilizobaki kwenye kisahani. Aqil alitaka kumwendea kumkumbusha adabu. Bi Ruwaida akamshika mkono wa kanzu.

"Mwache, Shemeji. Wallahi, mwache vivyo hivyo."

Kaingu aliweka kikombe chini, akachukua mkoba wake wa fimbo, akapita mbele ya mke wa Amir bila kumuaga. Alipofika mlangoni alisimama, akarudi hatua mbili.

"Jumanne," alisema, akiliangalia kombe, si yeye. "Saa moja asubuhi. Na lile jani lililoupotosha mpira wangu shimo la kwanza nitaling'oa."

"Inshallah," alisema Bi Ruwaida, akaenda kupanga foleni ya pilau nyuma ya watu wote, kombe kwapani, akitabasamu peke yake.